Majoho Yasiyopepea

Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025. Asubuhi hiyo baridi kavu iliikaba Johannesburg, na upepo ulisukuma vumbi la manjano la migodini mpaka kwenye ua wa kanisa moja dogo la Bertrams.

Simu ya Benita, aliyesimama uani hapo, ilitetema.

"Zaburi imefunguliwa," alisema mkuu wake wa polisi, Otieno. Yaani: mzigo umo humo, kamata.

"Kwa nani?"

"Kwaya. Inaruka kwenda Brussels mchana. Zaidi ya hapo hatujui."

Kanisani walimjua kama msusi. Hawakujua kuwa ni askari wa siri, wala kwamba chini ya koti lake kulikuwa na bastola ya Glock.

Mzigo ulikuwa sarafu za Kirumi za shaba nyeusi, zilizotengenezwa kusifu ushindi wa Kaisari vitani. Ziliibwa kwenye makumbusho huko Libya. Mlinzi aliuawa. Zikivuka leo, hazitaonekana tena.

Kwaya ilikuwa uani, ikicheza na kuimba huku ikisubiri basi. Upepo ukavuma. Majoho meupe yakapepea.

Manne hayakupepea.

Majoho yote yalishonwa na fundi mmoja. Parfait. Mdogo wake, wa tumbo moja.

Bwana, asiwe yeye.

Benita akainama, akachana kwa kisu pindo la joho mojawapo kati ya yale manne, la Mama Arlène.

"We msusi! Unachana joho la Bwana?"

"Tazama alichokuvika fundi, mama."

Sarafu ilidondoka kiganjani. Upande mmoja, Kaisari na taji. Upande wa pili, mateka amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma.

"Eish! Mimi sijui kitu!" Arlène alilia.

Kutoka nyuma ya kwaya, Parfait alichomoka mbio. Nje ya geti basi dogo jeupe, Quantum, lilinguruma likimngoja.

Benita akafyatua risasi moja. Gurudumu likapasuka. Dereva akainua mikono.

"Otieno, gari limekwama."

"Sharp, safi. Tunaingia."

Parfait akageuka, anahema. "Yaya, dada yangu, uniachie. Mama atakufa kwa aibu. Damu ni nzito kuliko maji."

"Ya yule mlinzi ilikuwa maji?"

Parfait akapiga magoti vumbini. Benita akamfunga pingu, mikono nyuma, na hakuitazama tena ile sarafu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni, leo lilimchoma.

Vijana wa Otieno walipomchukua, Benita alifunga vifungo vya koti, akatembea taratibu hadi getini. Hapo akaigeukia kwaya nzima.

"Ninyi ni mashahidi wangu, na Mungu juu. Mahakamani nitasimama mimi mwenyewe nitoe ushahidi dhidi yake. Na kila Jumapili nitampelekea chakula gerezani, hata akikataa kuniangalia usoni."