Kokoto za Reli ya Laban

Jioni ile nilikuwa nakwenda kwa mdogo wangu Loise kudai mfuniko wa sufuria yangu. Shemeji Laban aliuazima Jumapili baada ya ibada, akasema kesho utarudi. Kesho yake ikafika Alhamisi. Wali nafunika kwa jani la mgomba kama mtu aliyeunguliwa nyumba, na nilikuwa na hakika mfuniko wenyewe umekwisha kukatwa vipande.

Umekatwa kwa ajili ya reli.

Umesikia sawasawa. Reli, hapa Garsen, ambapo miaka ile lori la Lamu likizama topeni abiria walipika na kulala papo hapo mpaka jua liwahurumie. Shemeji yangu alikuwa anajenga reli. Ndani ya ghala la mpunga. Ya makopo.

Laban alipata kufanya kazi Voi, kwenye reli ya kweli. Alikuwa anapangusa taa za treni. Wakamwachisha, sababu hakuisema, akarudi Tana na kofia ya kazi ambayo sina shaka aliiba. Mwanamume wa Kipokomo akiwa na shamba ukingoni mwa mto hana la kumwomba mtu; maji yapande, yashuke, naye apande mpunga wake. Laban shamba alimwachia mke. Yeye kutwa alipiga magoti ghalani akinyoosha bati.

Na ubahili wake! Hakununua hata msumari. Reli alizikata kwenye mifuniko ya watu. Mataruma ya kulalia reli yalikuwa vijiti vya mkoma vilivyogandishwa kwa ulimbo. Mabehewa ni makopo ya samaki aliyookota nyuma ya duka, na magurudumu ni visoda viwili viwili vilivyobanwa kwa pini za nywele za mke wake. Vilima alifinyanga kwa udongo wa mto na makapi ya mpunga. Treni yenyewe ilivutwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, yeye akizungusha mpini pembeni, na kila ikifika stesheni alisafisha koo kwanza, hm-hm, kama askofu, ndipo atangaze: "Voi! Abiria wa Taveta washuke!"

Abiria gani? Panya? Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Shida yake kubwa ilikuwa kona. Ghala ni dogo, reli ikabidi ipinde ghafla kila pembe, na kopo tupu ni jepesi. Likifika konani linapinduka. Wiki nzima alilia shida hiyo kanisani, mtoni, hata msibani. "Shemeji, mabehewa yangu hayana uzito. Nikipata uzito tu, treni itatulia." Nikamwambia atie akili yake mle ndani. Kisha nikakumbuka kwamba hiyo haiwezi kuzuia hata karatasi isipeperuke.

Ningemcheka tu, kama si Loise. Mama alipokufa aliniachia huyo peke yake. Alikuwa amekonda hata pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke. Analima peke yake, anafukuza viboko shambani peke yake, na akirudi anaambiwa asikanyage stesheni ya Mombasa. Nilimpenda mdogo wangu, na nilimchukia mtu yule kwa ajili yake. Nasema wazi.

Basi nikapita njia ya kivukoni, jua likiwa linazama. Pale kabla ya pantoni kuna kaburi. Wakati wa babu zetu alifika mtu asiyejulikana kabila wala dini, mto umefurika, akangoja kuvushwa mpaka akafa akingoja. Wakamzika palepale. Jioni iliyofuata wakamwona amesimama pamoja na wasafiri wengine, anangoja zamu yake.

Wazee wakasema mtu huyu hana ubaya, ana safari tu, basi awekewe uzito. Tangu hapo kila anayevuka huweka jiwe dogo juu yake. Na jiwe lazima ulibebe kutoka mbali, maana nchi yetu ni tope tupu. Utalima tangu utoto hadi uzee, jembe lako lisigonge hata kokoto. Madereva wa malori walikuwa wanayapakia Malindi kwa kazi hiyo tu. Mengi humezwa na tope mto ukifurika, lakini rundo lilikuwa bado linafika kifundoni.

Jioni ile halikuwapo.

Godana, yule Muorma aliyevuta kamba ya pantoni, alikuwa amesimama mbali na pale, fimbo begani.

"Mama Tamar," akaniita kwa sauti ya chini. "Wewe naona? Mawe yote nakwisha."

"Nani kayachukua?"

"Mimi hapana jua. Jana iko. Leo hapana." Akatazama chini. "Na ardhi yake nafunguka. Mimi nakwenda ng'ambo. Hapana lala hapa."

Nikasogea. Udongo ulikuwa umebonyea katikati, kama godoro mtu akishaamka.

Nilijua mara moja. Nchi nzima isiyo na mawe, rundo moja tu la mawe, na mjinga mmoja anayetafuta uzito. Nikacheka peke yangu barabarani. Nilikuwa sijaamini habari za msafiri yule hata siku moja, lakini kuiba kaburini ili makopo ya samaki yasianguke! Nilikwenda kwa Loise nikiwa nimetayarisha maneno ya kumpa Laban, na hakuna hata moja lililokuwa la kanisani.

Loise alikuwa nje, amechutama kwenye mafiga ya udongo. Hakuwa amewasha moto.

"Dada," akanong'ona. "Polepole. Ana mgeni."

"Mgeni gani?"

"Alikuja akauliza gari linaondoka saa ngapi." Akatazama mlango wa ghala. "Laban amefurahi, dada. Amemkaribisha. Amevaa kofia."

Ndipo nikanusa... tope. Si tope la njiani. Ni lile la chini kabisa, linalotoka kisima kikichimbwa.

Na ndani ya ghala nikasikia sauti ndogo.

Tiki... tiki... tiki...

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Koroboi ilikuwa imewaka. Treni ilikuwa inakwenda. Makopo yote yamejaa mawe, na kando ya reli, kutoka stesheni hadi stesheni, kokoto zimepangwa vizuri kama pale Voi. Ikafika konani. Haikupinduka. Ikapita, ikaendelea.

Laban alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni.

Mpini ulikuwa haushikwi na mtu.

Kando ya stesheni ya maboksi ya kiberiti alikuwa amechutama mtu mrefu, amejifunga shuka lililokaukiwa na udongo. Uso wake sikuuona. Nilichoona ni mgongo. Haukupanda wala kushuka, kama mgongo wa mtu asiyepumua.

"Nimengoja sana," akasema. Alisema taratibu, Kiswahili safi cha watu wa Kipini. "Watu wa hapa walinilemea kifuani. Wewe umenitua. Ahsante."

"Gari langu sasa limetulia, bwana," akasema Laban. Nakuapia, hata pale alikuwa anajisifu! "Umeliona konani?"

"Nimeliona. Nitapanda. Lakini nilikotoka, kitanda hakiachwi kitupu. Nani atalala mahali pangu?"

Treni ikapita kona nyingine.

Tiki... tiki...

Laban akasafisha koo. Hm-hm.

"Mke wangu yuko hapo nje," akasema. "Anaitwa Loise. Hana neno."

Loise alikuwa begani kwangu. Aliyasikia yote. Akashika kile kipande cha uzi kwenye pete yake.

Niliogopa. Sitajidai. Lakini dharau ikiwa nyingi hupita woga, na mimi dharau yangu kwa Laban ilikuwa ya miaka. Nikachukua kikapu cha Loise, nikausukuma mlango kwa mguu.

"Mwizi wa makaburi wewe," nikamwambia. "Mume wa mtu anauza mke kwa kopo!" Nikapiga magoti nikaanza kung'oa kokoto zake na kuzitupa kikapuni.

"Shemeji, usiguse kona!" akalia. Kona! Hakusema samahani, hakusema Loise. Alisema kona.

Yule mtu akageuza kichwa. "Wewe ndiye Loise?"

"Mimi ni dada yake. Na hapa hapatoki mke wa mtu. Hata maiti na awe na haya."

Alinitazama, kisha akamtazama Laban. Alimtazama yeye muda mrefu zaidi. Halafu akanyoosha mkono, akaanza kuniokotea mawe kutoka ndani ya makopo, moja moja, na kuyaweka kikapuni kwa adabu. Vidole vyake vilikuwa baridi, vimeloa.

"Yarudisheni, mama," akasema. "Yapangeni vizuri. Huyo Loise hatalala kule."

Jiwe la mwisho likaingia kikapuni, koroboi ikazimika.

Gizani sikusikia pumzi ya mtu yeyote. Nikapapasa sakafu. Nikashika kofia. Bado ilikuwa na joto la kichwa.

"Laban?" Loise akaita kutoka mlangoni.

Nikadhani amepenya ukuta wa makuti wa nyuma akakimbia, kwa kuwa kukimbia ndiyo kazi pekee aliyoijua vizuri.

Tulibeba kikapu mimi na Loise, kila mmoja sikio lake, mpaka kivukoni. Kulikuwa na mwanga kidogo wa mwezi juu ya mto. Pantoni ilikuwa imefungwa ng'ambo na Godana hakuonekana.

Kaburi halikuwa limebonyea tena.

Udongo ulikuwa umejaa, umeinuka, laini, umetoka kugeuzwa. Tulitazamana. Nikaanza kuweka mawe, naye akaweka ya upande wake, haraka haraka. Tulikuwa tumefika katikati ya kikapu nilipoisikia.

Kutoka chini.

Hm-hm.

Ndogo sana. Ya mtu anayetaka kutangaza jambo.

Jiwe lilinikwama mkononi. Nikamtazama Loise. Ameinama, nywele zimemfunika uso, anapanga mawe yake moja juu ya jingine kama mtu anayepanga vyombo. Nikajiambia hakusikia. Nikajiambia ni chura. Tana ina vyura wa kila koo. Na nikajiambia zaidi kwamba mdogo wangu asisumbuliwe na sauti ya chura. Nikaweka jiwe langu. Tukamaliza kikapu.

Tuliporudi, moto ulikuwa umewaka kwenye mafiga. Laban alikuwa anaupuliza.

Alikuwa Laban, uso ule ule, kovu lile lile kidevuni. Alisimama tulipofika. Laban hakuwahi kusimama kwa ajili yangu tangu amwoe mdogo wangu.

"Karibuni," akasema taratibu. "Loise, pumzika. Kesho shamba nitakwenda mimi."

Na akaenda. Reli akaivunja, mabati akazibia paa. Kofia alimpa mpita njia. Mwaka ule walivuna mpunga mpaka ghala likakosa nafasi, na miaka iliyofuata hivyo hivyo. Sasa wana watoto wawili, wazuri, wapole, mikono yao baridi kidogo. Watu wa kanisani husema Laban ameokoka. Nami huwaambia kipya kinyemi, ingawa kidonda, nao hucheka wakidhani nafanya utani wa shemeji.

Simpendi. Akila mezani pangu namtazama mgongo. Lakini sijawahi kumdharau, na yule wa kwanza sijapata kumkumbuka kwa wema hata siku moja. Kinachoninyima usingizi ni Loise. Kulala na kuamka na kitu usichokijua, ukikiita mume! Niliona nina haki ya kumwambia, ajue, achague mwenyewe.

Juzi nikamkuta uani anapepeta mpunga. Amenenepa, pete imembana kidole. Mume wake alikuwa shambani.

"Loise," nikasema, "siku ile kaburini. Kuna kitu nilikisikia tulipokuwa katikati ya kikapu."

Hakuinua uso. Akapuliza makapi.

"Katikati?" akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilimsikia tangu jiwe la kwanza, dada. Alikuwa ananiita jina."

Akamimina mpunga safi kwenye kapu, akachota mwingine.