Mtu wa Sita Chini ya Bawa

Ndege ile ilikuwa ya watu watano, lakini pichani walisimama sita.

Fundi ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, mwenye kibanda kilichoshikana na nyumba yake, na ukiwatoa mkewe na binti yao, hakuna alichokipenda kama picha za kale za ndege za vita. Alikuwa kwenye kundi la simu la watu wenye ugonjwa huohuo. Mmoja akitupa picha iliyofifia, wenzake huichimba: ndege ya aina gani, ilirukia wapi, iliishia wapi, na hawa waliosimama chini ya bawa ni akina nani. Mkewe alikuwa mshonaji, na alikuwa na lake la kuwaambia wateja: "Mke mwenzangu ana mabawa."

Picha yenyewe ilikuwa ya ndege ya kudondosha mabomu. Watano walijulikana mapema, maana mjukuu wa mmoja wao alikuwemo kundini. Siku iliyofuata baada ya kupigwa picha waliruka, wakaanguka, wakafa wote. Wa sita hakujulikana. Alisimama nyuma kidogo, kichwa wazi, mkono wake umetua begani kwa rubani.

Fundi akaukuza uso ule, akausafisha, akausambaza kila kundi alilolijua. "Nani anamfahamu huyu?" Aliuliza asubuhi, akauliza jioni, akauliza tena.

Aliyempigia simu alikuwa Mzee Propela, mekanika mstaafu wa ndege ambaye kundini alikuwa kama baba yao.

"Mwanangu, huyo mwache."

"Kwani unamjua, mzee?"

"Simjui. Nimemwona. Ndege nyingine, vita vingine, uso uleule, wala haujazeeka. Na kila ndege aliyosimama nayo haikurudi." Mzee akakohoa. "Usimuulize jina. Kuna viumbe ukiviuliza jina, vinadhani umeviita."

Fundi akajaribu kucheka.

Wiki hiyohiyo mkewe akaanza kulalamika kwamba vitambaa vya wateja vinanuka mafuta ya taa na nyaya zilizoungua. Akavifua, akavianika, akavifua tena. Harufu haikutoka. Halafu binti yao, waliyemwita Kiduchu tangu utotoni ingawa sasa alimzidi mama yake kimo, akarudi na cheti chake cha uuguzi. Fundi akamsimamisha uani na joho lake, akampiga picha kwa simu.

Mama mtu alikuwa akiitazama picha hiyo huku akitabasamu, tabasamu likamfia usoni.

"Baba Kiduchu, uani kulikuwa na nani?"

"Sisi tu."

"Njoo uone."

Nyuma ya binti yao alisimama mtu kichwa wazi, mkono begani kwake.

Fundi aliifuta picha kabla hajatamka neno. Hakuwahi hata kuirudisha simu mfukoni, kwani chumbani Kiduchu alikuwa akiita kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiyetaka kuwasumbua wazazi wake.

"Mama, nishike. Naanguka."

Walimkuta kitandani amekamata kingo mbili za godoro, vidole vimekuwa vyeupe, macho yameganda darini. Madirisha yalikuwa yamefungwa na jua lilikuwa likichoma bati, lakini nywele zake zilipeperuka kama za mtu aliyetoa kichwa nje ya gari linalokimbia, midomo imemgeuka samawati kwa baridi, na kila mama yake alipomkumbatia alihisi mwili ule ukimvuta chini, chini zaidi ya kitanda, chini zaidi ya sakafu, huku ngurumo nzito ya injini ikitetemesha vikombe kabatini na kusogea, kusogea, kana kwamba inalitafuta paa lao katika mapaa yote ya mtaa. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema mzima. Wakarudi naye akiwa bado anaanguka.

Mzee Propela ndiye aliyewaletea tabibu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliweka kiganja kwenye paji la binti, akasoma, akasoma, hata jasho likamlowesha kanga. Kisha Kiduchu akafumbua kinywa, na sauti ikatoka ya kiume, imechoka.

"Mmeniuliza mimi nani. Nimekuja."

"Ondoka," tabibu akasema.

"Sijawahi kushuka peke yangu."

Tabibu akawatoa wazazi nje. Aliongea akiwa ameinama.

"Wapo ninaowafukuza. Huyu hafukuziki, anahama tu. Mkono wake utatoka kwenye bega la mtoto pale utakapopata bega jingine. Kwa picha, kama alivyozoea."

"Bega la nani?" mama akauliza, na papo hapo akajijibu. "Mimi. Nipigeni mimi."

"Wewe hujamuuliza kitu," Fundi akasema taratibu. Alikuwa amevua miwani, akiifuta kwa shati. "Hatakusikia. Aliyemwita ni mimi."

"Usinifanyie hivyo. Tutafute tabibu mwingine. Tuhame."

"Mama Kiduchu, msikilize mwanao."

Kutoka chumbani sauti ilikuwa ikisema naanguka, naanguka, na kila neno lilitoka mbali kuliko lililotangulia.

Fundi akaingia, akakaa kitandani, akajipenyeza nyuma ya mwanawe ili bega lake liwe la kwanza kufikiwa na mkono ule. Akamnyooshea mkewe simu. Mkewe akaipokea, akaishusha, akaiinua, akalia kimyakimya kwa kuwa hapakuwa na pumzi ya kulia kwa sauti, akaona ndani ya kioo kidogo watu wawili aliokuwa nao duniani, ambao hawezi kuwabakiza wote wawili, na akabonyeza.

Ngurumo ikakatika. Kiduchu akavuta pumzi, akaomba maji.

Picha haikutazamwa na yeyote.

Kesho yake Fundi alikunywa chai na binti yake, wakazungumzia kazi atakayoomba. Mchana alikaa kwenye kiti chake kifupi kibandani. Mkewe alikaa karibu, ameung'ang'ania mkono wake kwa mikono miwili tangu alfajiri.

"Upepo umeanza," Fundi akasema. Hakuonekana kuogopa. Alimtazama mkewe tu, kisha akateleza kutoka kitini hadi sakafuni, kimo cha goti.

Hospitali, daktari alizishika picha za mifupa mbele ya taa kwa muda mrefu. Hakuna mfupa uliobaki mzima.

"Mama," akasema kwa upole, "tuambie ukweli. Alianguka kutoka ghorofa ya ngapi?"

"Alikuwa amekaa," mama akajibu. "Alikuwa amekaa, na mimi nimemshika mkono."