Vishikio vya Kijumba cha Cucu

Nduta aliporudi kutoka shule, mdomo ukiwa bado na alama ya maziwa, alimkuta babake chini ya pikapu. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Hilo halikuwa jambo geni. Tangu Cucu Nyaguthii, nyanya yake, avunjike nyonga, Baba, Mzee Ephantus, alikuwa akifunga duka lake la Yamumbi mapema na kujigeuza fundi.

Cucu hakuweza kuketi. Ilibidi apelekwe hospitali ya misheni kule Plateau akiwa amelala, na pikapu ilikuwa wazi, mvua nayo haina adabu. Kwa hivyo Baba alijenga kijumba cha mbao na mabati cha kupachika nyuma ya gari, chenye mlango, godoro na hata pazia. Kilichobaki ni vishikio vya kukizuia kisiruke. Alivikata kutoka kwa kitanda kikuukuu cha chuma, akavifunga kwa bolti kwenye mbavu za pikapu, kisha akapitisha minyororo.

"Nduta, mnahamisha kuku?" aliuliza Walubengo, mwanafunzi mwenzake wa jirani, akining'inia kwenye ua.

"Ndiyo. Jogoo ndiye hatujapata. Panda!"

Baba alijaza magunia ya viazi ndani ya kijumba ili akijaribu barabarani. Cucu aliona yote kupitia dirisha la chumba chake.

"Ephantus! Kwani mimi ni magunia mangapi?"

"Mawili tu, Mama."

"Mbona umepakia matatu?"

"Hilo la tatu ni Nduta. Si ndiye atakayekushika mkono?"

Baba aliizungusha pikapu kwenye mashimo yote ya mtaa, na mashimo yalikuwepo ya kutosha. Aliporudi, majirani walikuwa wamejaa uani. "Imeshika!" alitangaza akipiga kijumba kofi. "Wenye viwanda waje wajifunze hapa! Kesho asubuhi tunaenda Plateau." Watu wakashangilia. Nduta akapewa kitambaa apanguse matope.

Alipofika kwenye kishikio cha nyuma, mkono wake ulisimama. Bati la pikapu lilikuwa limeanza kuraruka kando ya bolti, ufa mdogo kama ukucha. Akisema, safari itaahirishwa, na Cucu alikuwa akiugua usiku kucha. Tena Baba angeaibika mbele ya watu hawa wote. Matope yalikuwa pale pale kwenye kitambaa. Kuyarudisha juu ya ufa kungekuwa kazi ya kidole kimoja.

"Baba," alisema Nduta. "Hapa pameraruka."

Majirani waligeuka kutazama. Baba alikunja uso. "Wewe umekuwa fundi tangu lini?"

"Mimi si fundi, Baba. Lakini weka kidole."

Baba aliweka kidole. Akautikisa mnyororo, na ule ufa ukafunguka kama mdomo. Mtu mmoja akacheka.

Kesho yake hawakwenda popote. Baba na Nduta walikuwa chini ya gari, miguu minne ikionekana, wakifunga vishikio upya, safari hii kwenye mihimili minene ya chuma inayobeba gari lenyewe. Nduta alishika spana, Baba akakaza.

Walipoondoka hatimaye, gurudumu liliangukia shimo lililojaa maji. Kijumba kiliruka, minyororo ikalia, Nduta akaukumbatia mkono wa Cucu. Kisha kikatulia mahali pake.

Hospitalini, Cucu alipokwisha kulazwa kitandani, Baba alimwita Nduta kando.

"Kumwambia mkubwa ukweli anaposifiwa si rahisi. Hata mimi nilikasirika," alisema. "Ukiona hatari, sema, hata kama anayekosea ni mimi. Juzi uliniharibia sifa mbele ya mtaa mzima. Sifa nitatafuta nyingine. Mama sina mwingine."