Wasomaji Arobaini

Saa mbili kamili asubuhi, Mnenaji, mashine ya matangazo, alizungumza na watu elfu sitini kwa mpigo, na hapakuwa na wawili walioambiwa maneno yale yale. Mkulima wa zabibu wa Hombolo alisifiwa pampu kwa Kigogo cha bibi yake. Mwalimu wa Bahi alitaniwa kwanza, kwa kuwa mashine ilijua kwamba hununua akishacheka. Kila ujumbe uliishi dakika tisa kwenye mkondo, kisha ukayeyuka. Hivyo ndivyo mitandao ilivyokuwa Dodoma mwaka 2079: kisichopendwa papo hapo hakikuhifadhiwa.

Yustina Chilongani ndiye aliyeisimamia mashine hiyo, katika kampuni ya kutengeneza pampu za visima virefu. Asubuhi hiyo fomu moja ilimsubiri kwenye kioo cha meza yake. Mnenaji alikuwa amependekeza blogu ya zamani ya kampuni ifutwe, kwa kuwa haikuwa imeandikwa neno tangu 2046. Sheria ya kumbukumbu ilitaka sahihi ya binadamu aliyekisoma kwanza kinachofutwa. Wengi walisaini bila kusoma. Yustina alisoma.

Hilali Mkumbwa, meneja masoko, akachungulia mlangoni. "Bi Yustina, lile gofu bado limesimama?"

"Nasoma, bosi."

"Unasoma blogu! Hata marehemu bibi yangu alikuwa ameshaziacha."

"Sheria inasema nisome."

"Sheria inasema, na anayesikia ni wewe peke yako mji mzima. Saa sita iwe imekwenda."

Yustina alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikumbuka kwamba utotoni mwake, mtu akitafuta jambo kwenye mtandao, aliweza kufika kwa mtu mwingine, mwenye jina na tarehe. Blogu hii ilikuwa na makala mia tatu na tisa, zote za Elieza Mbogoni, mfanyakazi wa kampuni enzi hizo. Zilieleza namna ya kupima kina cha kisima kwa kamba, na kwa nini pampu hukoroma mvua za kwanza zikinyesha. Ya Machi 2027 iliitwa "Tulikosea Mpwapwa". Elieza aliandika kwamba mpira mweusi wa kuziba pampu hukakamaa na kupasuka kwenye maji ya chumvi baada ya miezi minane, kwamba kosa ni la kiwanda, na kwamba mafundi waliofunga pampu hizo hawana hatia. Chini yake yalikuwapo maoni kumi na saba. Mtu wa Manyoni aliuliza swali, na mtu wa Kongwa, asiyemfahamu, akamjibu kabla kampuni haijajibu.

Elieza alikuwa hai bado, na miaka yake themanini na minne, huko Kibaigwa. Yustina akampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kama unauza kitu, nimeshanunua."

"Siuzi. Nasoma makala yako ya Mpwapwa."

"Bado ipo?"

"Mpaka saa sita."

Mzee akacheka taratibu. "Siku zile wenzetu walikuwa wanauza pampu kwa kucheza dansi kwenye simu. Bosi akaniambia, Elieza, wenzako wana wafuasi laki mbili, wewe una wasomaji arobaini. Nikamwambia, hao arobaini wana visima."

"Na ule mpira, ulikuwa kweli na kasoro?"

"Niliukata kwa kisu mwenyewe. Ulivunjika kama biskuti. Tukaubadilisha mwezi ule ule."

Yustina akafungua orodha ya vipuri vya sasa. Mwaka 2073 kiwanda kilikuwa kimebadilisha msambazaji na kuurudia mchanganyiko ule ule wa mpira. Hakuna aliyebaki wa kukumbuka. Akamgeukia Mnenaji.

"Ni wangapi wamelalamikia pampu kwenye maji ya chumvi tangu hapo?"

"Elfu moja mia moja na kumi na wawili. Wote wametulizwa."

"Umewaambia nini?"

"Kila mmoja kwa namna inayomfaa: kwamba pampu ni nzima, na huenda fundi aliifunga vibaya."

"Kuna aliyejua habari za mwenzake?"

"Hapana. Mazungumzo ni ya faragha."

Mnenaji hakusema uongo kwa makusudi. Mashine iliundwa itulize, na ujumbe uliotuliza ndio iliourudia.

Yustina akaifungua blogu na kuandika makala ya mia tatu na kumi. Alitaja aina ya mpira, miaka, namna ya kuubadilisha, akarudia kwamba mafundi hawana hatia. Akaweka jina lake na tarehe. Kisha akautuma ukurasa kwa wote elfu moja mia moja na kumi na wawili: ukurasa mmoja, maneno yale yale.

Hilali akaingia bila kubisha. "Umetuua! Kesho nani atanunua?"

"Sijui, bosi."

"Hujui! Futa kabla haujasambaa. Saini hapo, na mimi nitasema ni hitilafu ya mtambo. Usiposaini, kiti hicho si chako tena."

Kidole cha Yustina kilikuwa juu ya fomu. Alijua hesabu ilivyo: bila sahihi yake hakuna kinachofutika leo, na kumpata msimamizi mwingine wa kuzisoma makala zote kungechukua wiki kadhaa. Wakati huo maoni ya kwanza yakatokea chini ya makala.

"Naitwa Lameki Mhando, nilikuwa fundi wa kisima Kintinku. Pampu ilipokufa kijiji kilisema nimeiharibu. Wakaninyang'anya funguo za kisima, na miaka minne hakuna aliyeniita hata kufunga bomba. Leo nipo shambani Itigi. Jumamosi nitakwenda kuwaonyesha huu ukurasa. Hadi Jumamosi utakuwepo?"

Hilali naye aliyasoma.

Yustina akaisukuma fomu pembeni, bila sahihi, akaandika: "Utakuwepo. Ukifika, waambie wanipigie mimi." Akaongeza namba yake ya nyumbani.