Koti la Mwenyeji

Njoka alipotelea kwenye ndizi.

Kiende alimwona mara ya mwisho sokoni Gakoromone, akiruka mikungu kama mbuzi aliyekata kamba, kisha soko likammeza. Kina mama wa viazi walimcheka huyo mwanamke mzima wa suti anayekimbia na kiatu kimoja. Bastola yake, Glock, hawakuiona. Hofu yake pia hawakuiona.

Akatazama saa mkononi. Ilikuwa Casio, lakini mafundi wa idara ya ujasusi walikuwa wameitia kifaa cha kupima joto la mwili. Siku itakapolia, homa itakuwa imeanza.

Ilikuwa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomtisha.

Wiki hiyo alikuwa amemfumania Njoka, mwizi wa kukodiwa, katika maabara moja pembeni mwa mji wa Meru, akiiba chupa ya vidonge. Wakashikana, wakaangukia kizimba cha mbu, wavu ukapasuka. Njoka akaponyoka na chupa. Kiende akabaki akijikuna mikono. Na mbu wale walibeba malaria mpya iliyokataa kila dawa ya dukani. Ni vidonge vya chupa ile tu vilivyoweza kuifuata mpaka ndani ya ini.

Dakta Wambeti, aliyeitengeneza dawa hiyo, alimweleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kimelea cha malaria kikishaingia mwilini hukimbilia ini. Hupita seli hii, hupita ile, kama mwizi anayejaribu milango, mpaka kipate ya kukaa. Humo hujitengea chumba chake. Seli hushtuka, ikataka kukila. Chenyewe hujikung'uta, kikaanza kula chakula cha mwenye nyumba. Tena huizuia seli isife mapema, maana nani hubomoa nyumba anayolala? Kimoja huzaa maelfu. Muda wote huo mgonjwa anakula githeri yake na kucheka na majirani. Siku ya kutoka, seli huuawa, na watoto wa kimelea hujifunika ngozi yake. Askari wa mwili wakiwaona hudhani ni watu wa nyumbani. Wanawaacha wapite, mpaka kwenye damu.

"Nitasikia maumivu?" Kiende alimuuliza.

"Ini halipigi kelele," Dakta akasema.

Sasa simu yake, Nokia kabambe, ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Marcella, mkuu wake, mama wa mvi anayetoa amri zote kwa mafumbo.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Mgeni kala chakula changu, kavaa koti langu, mlinzi wangu kampigia saluti."

"Mama, amenipotea. Kichwa hakifanyi kazi."

"Basi nipe mji."

"Chukua Embu."

"Nimefika Embu, nikapanda hadi Manyatta. Kuna mgeni wa ng'ambo huko, ana Prado nyeupe, anangoja chupa. Anataka kuizika ili dawa yake mbovu iendelee kununuliwa. Kimbia, mwanangu."

Kiende aliwasha Subaru.

Nkubu ikapita. Chuka ikapita. Nyuma yake zilikuja Hilux za miraa, honi mdomoni, mizigo imefunikwa majani ya ndizi, zikampita kama amesimama. Kwenye kizuizi askari alisogeza vyuma kabla madereva hawajafika, akawapungia mkono. Miraa ikichelewa hunyauka, na kila mtu anajua.

Mlinzi kampigia saluti.

Kiende akalielewa fumbo. Njoka alikuwa ndani ya mojawapo ya magari yale, amevaa koti la watu wa nyumbani. Lakini lipi? Yote yalifanana. Akaweka mkono chini ya mbavu za kulia. Hapakuuma. Akautoa haraka, kana kwamba angewaamsha wageni waliomo humo.

Alipofika Manyatta, aliiona.

Hilux ya miraa. Imeegeshwa juani mbele ya hoteli ya mabati, injini imezimwa, majani ya ndizi yameanza kukauka.

Ndani, Ednah mwenye hoteli alikuwa akimtania mteja wake wa pekee, dereva wa Hilux hiyo. Alisema tangu azaliwe hajaona dereva wa miraa akitafuna chapati ya pili. Dereva alicheka kidogo, amejifunika koti kubwa, kofia imeshuka machoni.

"Hata mimi sijaona," Kiende akasema. Glock ilikuwa mkononi.

Njoka hakuketi kungoja. Aliruka hadi jikoni, akafungua chupa, akaiinamisha juu ya sufuria ya chai iliyokuwa ikitokota.

"Weka chini, madam. Ama vidonge vyote viende na majani ya chai."

Ednah alikuwa amejibanza ukutani na mwiko wake. Kiende akaiweka Glock mezani. Akapiga hatua moja kuelekea jikoni.

"Tazama mkono wako, Njoka. Tuone."

"Tuone nini?"

"Kizimba cha mbu tulikiangukia wawili."

Njoka alitazama mkono wake. Alama za mbu zilikuwa pale, zimekauka. "Wacha hizo. Mimi niko na nguvu kama nyati."

"Hata mimi niko na nguvu. Sisikii chochote. Wadudu wa malaria ile wanakula kimya, na wakitoka watatoka wamevaa ngozi yetu. Mwaga. Mwaga tufe pamoja."

Chai ilitokota. Mvuke ukawazunguka wote wawili.

Saa ikalia.

Mlio mwembamba, kama kifaranga. Kiende aliganda. Ni homa, ama ni joto la jiko? Hakujua.

"Hiyo ni nini?" Njoka akauliza.

"Ni mwili wangu."

Mkono wa Njoka ulirudi nyuma polepole. Akaweka chupa mezani kwa mikono miwili, kama yai.

Ednah alileta maji. Kiende alimeza kidonge chake, akampa Njoka chake, kisha akamvua koti na kofia, akamtia pingu kule jikoni. Chupa ilibaki imejaa karibu yote. Akavaa koti la Njoka, akavaa na kofia, akaketi na chai yake, mgongo kwa barabara.

Prado nyeupe ikaja.

Mgeni wa ng'ambo aliingia akitabasamu, akamgusa mwenye koti bega, akanyoosha kiganja apewe chupa. Kiganja kilipokea pingu za pili.

Askari wa Embu walipowasili, Kiende alipiga simu.

"Mama, nimetegua."

"Sema."

"Ni kimelea kikitoka kwenye ini. Na ni Njoka kwenye Hilux."

"Na mgeni je, alikuona?"

"Aliona koti."

Marcella alicheka. "Na ini lako?"

Kiende alisogea mbali na jiko, hadi uani penye upepo. Saa ilikuwa imenyamaza. Kimya kilekile, na sasa ilibidi akiamini.

"Halisemi kitu, mama."

Akavua koti, akamfunika Njoka mabegani, kwa kuwa baridi ya mlimani ilikuwa imeanza kushuka na jamaa alikuwa akitetemeka. Akachukua chapati moja, akamshukuru Ednah, akatembea polepole kwenda kwenye Subaru, kiatu kimoja mguuni, hakuangalia nyuma.