Badria na Mizani ya Ukoo

Mzee Abdulhamid alikuwa mwana wa Nasor, na Nasor alikuwa mwana wa Mrisho. Mrisho aliuza viungo Kariakoo, akapima kwa haki hadi alipofariki dunia. Nasor alirithi duka na mizani ya baba yake. Watu walitoka hata Kivukoni kuja kununua iliki kwake. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba amepunjwa.

Ili kulinda jina hilo, ukoo uliweka sharti: mtoto ambaye hajabaleghe hagusi mizani. Walisema mkono wa mtoto una mchezo, na mizani haitaki mchezo. Mzee Abdulhamid alilishika sharti hilo kama alivyolipokea.

Mzee aliishi Mchafukoge pamoja na binti yake, Mauza, na mjukuu wake, Badria. Badria alikuwa darasa la nne. Kila alipotoka shule alipitia dukani. Babu yake alimsimamisha mbele ya kaunta, mikono nyuma, akamuuliza.

"Robo ngapi hufanya kilo moja?"

"Robo nne, Babu."

"Na moja ya nane?"

"Nane, Babu."

Alijibu bila kusita, na mzee aliridhika. Lakini siku moja aliongeza swali.

"Robo kilo ya pilipili manga, na moja ya nane ya kilo. Ipi nzito?"

"Moja ya nane."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne."

Twaha, kijana wa duka la jirani, alikuwa mlangoni akinywa chai. Alicheka hadi akaimwaga.

"Mzee, mlete awe mteja wangu! Nitatajirika kabla ya Idi."

Mzee hakucheka. Upimaji wa darasa la nne ulikuwa umekaribia, na asiyefaulu angerudia darasa. Mjukuu wake ashindwe kujua vipimo? Akafungua begi la Badria kutafuta kosa liko wapi. Alikuta chupa tupu, mfuko wa mchanga, na henga ya nguo iliyofungwa vikopo viwili kwa kamba.

"Haya ndiyo mnayofundishwa?"

"Hiyo ni mizani ya kikundi chetu, Babu. Mimi naitunza tu. Wenzangu ndio wanaopima. Ijumaa tutawaonyesha wazazi."

"Shule si jalala!"

Aliikwapua henga ile, waya ukapinda. Akaitupa nyuma ya magunia. Badria hakulia. Aliokota chupa na mfuko wa mchanga, akavirudisha begini.

Kesho yake asubuhi mzee alikwenda shuleni. Mwalimu Joyceline alimpokea mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kumhamisha mjukuu wangu."

"Karibu uketi kwanza, mzee, utazame."

Watoto walikuwa wakikata mikate na kupima mchanga. Wengine walibishana, wengine walicheka. Badria alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Mbona yeye hapimi?" mzee akauliza.

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe. Tangu muhula uanze amekataa. Husema, 'Kwetu mtoto hagusi mizani.' Majibu yote anayo kichwani, lakini hajawahi kuyashika."

Mzee alitazama chini. Mwalimu akaendelea kwa upole.

"Tazama, mzee. Mkate huu tumeukata vipande vinne. Huu, wa ukubwa uleule, tumeukata vipande vinane. Kadiri vipande vinavyozidi kuwa vingi, kila kimoja kinazidi kuwa kidogo. Mtoto huona kwa macho, mkono nao humwambia. Kisha ndipo tunaandika ubaoni. Yale unayomfundisha kwa kichwa hatuyatupi. Tunayapa kitu cha kushika."

"Na asipoelewa kabla ya upimaji?"

"Hata mimi naliogopa hilo, mzee."

Mzee aliondoka bila kumhamisha Badria, na njiani hakumsikia hata aliyemsalimu. Je, avunje sharti la ukoo? Na je, akilishikilia, mtoto abaki nyuma?

Alasiri ile alimwita Badria. "Pita huku ndani ya kaunta. Toa mikono mgongoni."

"Babu Nasor si angekasirika?"

"Nasor alitaka watu wapimiwe sawa. Shika."

Badria alipima robo kilo ya pilipili manga. Mzee akamwambia aondoe jiwe la mizani, kisha aigawe pilipili katika sahani mbili hadi zilingane.

"Sasa kila upande ni moja ya nane."

Badria aliinua fungu moja kiganjani. Macho yakamtoka.

"Babu! Kumbe inatoka ndani ya robo! Ni ndogo!"

"Basi," Twaha akasema toka mlangoni, "utajiri wangu umeota mbawa."

Mzee aliitoa henga nyuma ya magunia, akainyoosha kwa mikono yake. Lakini siku ya Ijumaa, mbele ya wazazi wote, Badria alipoitundika, mzee aliona kikopo kimoja kikining'inia chini kuliko kingine. Vyote vilikuwa vitupu. Mizani ya uongo mkononi mwa mtoto wa ukoo wake, na aliyeipinda ni yeye! Alitaka kusimama apige kelele.

Badria alichota maharage. Kisha akasita.

"Subirini. Haijakaa sawa."

Alisogeza kamba kidogo kwenye waya. Akatazama. Akasogeza tena, hadi vikopo vikalingana.

"Mizani tupu lazima ilingane kwanza," akawaambia wazazi.

Baba mmoja akamuuliza, "Haya, robo na moja ya nane, ipi kubwa?"

Badria hakujibu kwa mdomo. Aliweka robo kilo ya maharage upande huu na moja ya nane upande ule. Robo ikashuka. Watu wakapiga makofi, na Mauza akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mzee Abdulhamid ndipo akavuta pumzi.

Upimaji ulipokuja Badria alifaulu, akaingia darasa la tano. Siku hizi watoto wa mtaa huja dukani kujifunza kupima, mzee akiwa amesimama kando yao. Kabla hawajagusa chochote, huwaambia hivi:

"Nisikilizeni, na mtii. Yasemeni majedwali ya vipimo kwa sauti, msiruke hata moja. Kisha shikeni, pimeni, muulize. Sitaki kuona mtoto amesimama hapa na mikono nyuma. Mikono mbele!"