Mkamburi Aliondoka Mkavu

Haya yalimpata rafiki yangu Mkamburi, ambaye tuliacha naye shule darasa la sita. Desemba ya 1975 shangazi yake alimwalika Moshi, ng'ambo ya mpaka, akaone mchezo wa kuigiza. Tangu tuache shule alitamani hilo tu. Asubuhi ya safari, kule kijijini kwao Ronge, karibu na Voi, nyanya yake alitaka kwanza kumtasa, yaani kumpulizia pombe ya miwa kutoka mdomoni ili abarikiwe.

“Nyanya, basi litaniacha!”

“Haya, nenda hivyo hivyo mkavu, mwanangu.”

Huko Moshi kila kitu kilimuudhi. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ulimuunguza ulimi. Ukumbini, saa tisa mchana, madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa mablanketi, giza la kupapasa viti. Shangazi akabaki nje kuulizia tikiti. Mkamburi akaketi, akangoja, akachoka kungoja. Ndipo akasikia mtu akipiga funda, polepole. Kisha, mbele kabisa ya uso wake: pfuuu.

Mlango ukafunguliwa. “We msichana, unafanya nini humu?” bawabu akafoka. “Waigizaji wamekwama njiani, Himo. Hamna mtu ndani!”

Alirudi Voi amenuna: mchezo hakuuona, chakula hakukifaidi. Akanisimulia na ile pfuuu ya gizani iliyomlowesha.

“Labda popo alikukojolea,” nikamtania.

Hakucheka. Alinishika mkono, akauweka kwenye kola ya gauni lake. Siku tatu zilikuwa zimepita. Kola ilikuwa bado mbichi, ikinuka miwa.